Muziki wa bendi ninaoupenda, kutoka kiti cha klarineti ya tatu

(Hii ni hotuba niliyotoa kwa vijana wa bendi na wazazi wao, Jumamosi mchana hapa Nairobi. Nimeiandika karibu vile nilivyoisema. Pale tulipopiga kidogo nimeweka alama.)

Wazazi, walimu, na nyinyi vijana mmekaa na vyombo kwa mapaja mkiomba huyu mzee amalize haraka, hamjambo wote.

Nimeambiwa niongee kuhusu nyimbo za bendi ninazozipenda zaidi, za kupiga na za kusikiliza, na mwalimu akaniambia nisizidishe, ameniambia hivyo mara mbili, kwa hivyo nadhani ananijua. Kwanza wacha niseme ninaongea nikiwa nimekaa wapi kwa sababu hiyo inabadilisha kila kitu. Bendi ya kupuliza ikiwa imekamilika huwa na klarineti za B-flat za sehemu tatu, ya kwanza, ya pili na ya tatu, halafu iko ile ndogo ya E-flat yenye kelele za juu na ile kubwa ya besi yenye bomba limekunjwa huku chini. Mimi ni mtu wa ya tatu. Ya pili nimepiga sana, ya kwanza nimepiga pia, mwenyewe akiwa mgonjwa.

Sasa ukiuliza mtu wa klarineti ya kwanza anapenda wimbo gani, atakutajia zile zenye solo, na hana makosa, solo ni tamu. Mimi swali langu ni lingine kabisa. Mimi nikipewa karatasi mpya nauliza, huyu aliyeandika hii kitu alitukumbuka sisi wa nyuma ama alitujazia baa tu, vile vipande wimbo umegawanywa, ndo tusilale? Kwa matatu kila mtu anamwangalia dereva, lakini bila makanga hiyo gari haijai, na bendi ni hivyo hivyo, ukitoa klarineti za pili na za tatu utasikia solo yako vizuri sana na chini yake hakuna kitu.

Kwa hivyo orodha yangu nimeichagua nikiwa pale. Na mtaona kwamba zile ninazopenda kupiga na zile ninazopenda kusikiliza si lazima ziwe zile zile, kuna moja nitaitaja hapa ninaipenda sana bora nisiwe ndani.

Naanza na Gustav Holst. Siwezi kuanza na mwingine. Huyu alikuwa Mwingereza, yeye mwenyewe alipiga tromboni kazini kabla ya kuwa mwalimu, na mwaka wa 1909 akaandika First Suite in E-flat kwa ajili ya bendi ya kijeshi. Lazima muelewe wakati huo bendi zilikuwa zinapiga nini. Zilipiga nyimbo za gwaride, zilipiga densi, na zilipiga muziki wa opera na okestra uliogeuzwa kuwa wa bendi, yaani nguo ya mtu mwingine imekatwa ikukae. Holst akaandika kitu cha bendi yenyewe, sehemu tatu, Chaconne, Intermezzo na March, na hizo sehemu zote tatu zinatoka kwa wazo moja dogo, noti tatu, E-flat, F, halafu C. Onyesho la kwanza lenye kumbukumbu lilifanywa 1920 pale Kneller Hall, wakati huo ikiwa chuo cha muziki cha jeshi la Uingereza, kwa hivyo karatasi zilikaa miaka kumi na moja, na leo hakuna bendi inayojiheshimu haina hiyo kazi kwa kabati.

Chaconne inaanza na tuba na yufoniamu, zile shaba za sauti nzito, peke yao, baa nane, taratibu, na hiyo melodi ya baa nane ndo inarudi tena na tena hadi mwisho, mara iko chini, mara iko juu, kuna mahali Holst ameigeuza juu chini, iliyokuwa inapanda inashuka. Sisi klarineti kazi yetu mwanzoni ni kusubiri. Halafu tukiingia tunapewa mistari ya kuimba, baadaye tunapewa noti za mbio, na raha yake ni kwamba ukiwa ya tatu mstari wako pia una mwanzo na mwisho, ukiupiga peke yako nyumbani jirani hatauliza unatafuta nini. Intermezzo iko na solo ya klarineti ya kwanza pale katikati, nyepesi, ya huzuni kidogo, na hiyo nawaachia wenyewe.

(Hapa vijana wa klarineti walipiga baa nane za Chaconne, wote pamoja, chini.)

Asanteni. Mmesikia kwamba hiyo sauti ya chini ni nene? Hiyo wataalamu wanaiita shalumo, na ndo sababu ya mimi kupenda hiki chombo. Wacha nieleze kitu kwa wazazi ambao watoto wao wanalia nyumbani. Klarineti ni bomba lililonyooka, limefungwa upande mmoja na ridi, kile kipande chembamba kinachotetemeka, na mdomo wa mtoto, na bomba la aina hiyo ukilisukuma kwenda sauti ya pili haliendi oktavu. Fluti na saksafoni zikipanda zinarudia vidole vile vile, noti ile ile oktavu moja juu, kazi rahisi. Klarineti inaruka hadi noti ya kumi na mbili. Kwa hivyo kuna pengo hapo katikati, na hapo ndo pana ile tunaita breki, yaani uko kwa B-flat vidole karibu vyote viko hewani, halafu noti inayofuata ni B na vidole vyote lazima virudi chini kwa wakati mmoja na kidole gumba kizibe tundu la nyuma huku kikiendelea kufungua ki yake, yaani kile kitufe cha chuma. Mtoto akipiga kelele kama mlango wa stoo, ujue ndo anavuka hapo. Usimwambie aache.

Na sasa fikiria, sehemu ya klarineti ya tatu huandikwa wapi? Hapo hapo! Noti za koo, G, A, B-flat, zile zenye sauti nyembamba na tyuni inayoyumba, halafu unavuka, unarudi, unavuka, siku nzima. Mwandishi asiyejua klarineti anaona hiyo ni sehemu ya wanafunzi, anasema wacha niwape noti za katikati ni rahisi, kumbe ametupa mahali pagumu kuliko pote. Holst hakufanya hivyo. Kwa Second Suite in F ya 1911, ile imetoka kwa nyimbo za kienyeji za Uingereza, kuna mahali kwa sehemu ya kwanza wimbo unaingia unaitwa Claudy Banks, na klarineti zinaubeba kule chini kabisa pamoja, kwa mizani ya 6/8, yaani mapigo mafupi sita kwa kila baa, na mtu amekulia Pwani ama amewahi kuingia harusi ya huko akasikia chakacha, hiyo 6/8 miguu inaijua kabla ya kichwa. Nimeona vijana wa hapa wanahesabu 4/4 kwa shida halafu 6/8 wanaipiga wakicheka. Kwa kupiga, hiyo dakika moja ya Claudy Banks mimi siibadilishi na solo yoyote.

Ralph Vaughan Williams nitampita haraka, si kwa ubaya. English Folk Song Suite, Kneller Hall tena, Julai 1923, sehemu tatu, tamu, kila bendi inaipiga na kila mwalimu anaipenda kwa sababu haiogopeshi mtu. Sehemu ya kwanza klarineti inapata wimbo mmoja mzuri wa polepole. Ni nzuri. Ya tatu anakaa vizuri pia. Lakini mimi nikishaipiga nataka kitu kina meno.

Na chenye meno ni Percy Grainger. Huyu mtu, bana, kama mwalimu angenipa dakika kumi tu ningezimalizia kwake. Alizaliwa Australia, alikuwa mpiga piano mkubwa, na mwaka wa 1905 na 1906 alikuwa anazunguka jimbo la Lincolnshire kule Uingereza akiwatafuta wazee wanaojua nyimbo za zamani. Mwanzoni aliandika kwa kalamu, halafu akaja na mashine ya kurekodi ya mitungi ya nta, na hiyo ilibadilisha masikio yake, kwa sababu alisikia kwamba mzee haimbi ubeti wa pili kama wa kwanza, anavuta hapa, anakata pale, anaongeza pambo, na wengine wakikusanya nyimbo walikuwa wanazisafisha na kuziweka kwa mizani iliyonyooka ndo zikae vizuri kwa kitabu. Grainger akasema hapana, hayo yote yaandikwe. Miaka thelathini baadaye, 1937, akawapa watu wa bendi Marekani kazi inaitwa Lincolnshire Posy, ikapigwa mara ya kwanza Milwaukee mwezi wa Machi, sehemu sita, na kila sehemu ni picha ya mtu aliyeuimba ule wimbo, akaitoa kwa wale wazee walioimba.

Mimi naipenda kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba Grainger aliamini muziki unafaa kuwa wa kidemokrasia, kila sauti ipate kitu cha maana, na hakuishia kusema, aliandika hivyo. Sehemu ya nne, The Brisk Young Sailor, klarineti ndo zinaanza wimbo, sisi wote, na ya tatu ana mstari wa kweli. Nikifika hapo huwa nakaa vizuri kwa kiti. Sababu ya pili ni Rufford Park Poachers, sehemu ya tatu, ambayo Grainger aliipata kwa mzee mmoja anaitwa Joseph Taylor, sauti yake ilirekodiwa na inasikika hadi leo. Inaanza na watu wachache sana, pikolo na klarineti wakiimba wimbo mmoja kutoka mbali, mmoja juu kabisa na mwingine chini yake, halafu klarineti ndogo ya E-flat na klarineti ya besi wanawafuata nyuma kidogo na wimbo ule ule, na mizani inabadilika karibu kila baa, 4/8, 5/8, 3/8, hakuna mahali pa kushika. Ni wimbo wa wawindaji haramu usiku msituni. Kondakta akizubaa kidogo mmepotea wote wanne na huko hakuna ngoma ya kuwarudisha barabarani.

Halafu sehemu ya tano, Lord Melbourne, kuna mahali hakuna mizani kabisa, kondakta anapiga anavyotaka na shaba, yaani tarumbeta na wenzake, zinamfuata. Nimeona watu wazima wakitoka jasho.

Kwa kupiga, basi, namba moja yangu ni Posy na namba mbili ni Holst zote mbili, na sitabishana na mtu.

Mzee mmoja pale mbele aliniuliza kabla tuanze, kwani klarineti si ndo vayolini za bendi? Hiyo nimeisikia tangu nikiwa kijana na mimi naikataa. Inatoka kwa zile karatasi zilizogeuzwa kutoka okestra, ambapo mtu anachukua sehemu ya vayolini anaibandika kwa klarineti, na klarineti ya kwanza anapata utukufu wote na sisi tunapata sehemu ya viola, noti moja inarudiwa haraka haraka kurasa tatu. Uta wa vayolini unaweza kutetemeka juu ya noti moja kutwa nzima, mkono tu unakwenda na kurudi. Ulimi wa binadamu ni nyama! Na vayolini haihitaji kupumua, kwa hivyo hao wageuzaji wengine wanasahau tuna mapafu.

Sasa hiyo moja niliyosema ninaipenda bora nisiwe ndani ni hapo. Festive Overture ya Dmitri Shostakovich. Aliiandika 1954 kwa siku chache tu, Bolshoi, lile jumba la muziki la Moscow, walikuwa wanataka kitu cha kuadhimisha mwaka wa 37 wa Mapinduzi ya Oktoba ya Urusi na muda ulikuwa umeisha, na Donald Hunsberger wa Marekani akaigeuza ikawa ya bendi. Tarumbeta zinafungua kwa kishindo, halafu ghafla kasi, na klarineti ndo inachomoka na ule wimbo wa mbio. Ukiwa umekaa kwa hadhira nywele zinasimama. Ukiwa klarineti ya tatu unaona noti nyeusi zinakuja tu na unaomba Mungu. Nikisikia inapigwa mahali nitalipa kiingilio. Nikiambiwa niipige nitauliza kama wamepata mtu mwingine kwanza.

Na mtu atauliza Rhapsody in Blue, lazima, kila mahali nikiongea kuna mtu anauliza. Ile klarineti inayolia mwanzoni ikipanda kama king'ora. Hiyo ni ya George Gershwin, 1924, New York, ilikuwa ya bendi ya jazi ya Paul Whiteman na piano. Gershwin alikuwa ameandika skeli ya kawaida tu hapo mwanzo, noti moja moja, na mpiga klarineti wao, Ross Gorman, akaivuta vile kwa mazoezi akifanya mzaha, na Gershwin akasema iache hivyo hivyo. Kwa hivyo solo maarufu kuliko zote za chombo chetu ni utani wa mtu mazoezini. Vijana, hii si ruhusa.

Ukitaka ile ladha ya jazi kwa bendi ya kupuliza kabisa, tafuta Blue Shades ya Frank Ticheli, 1997. Karibu na mwisho kuna solo ya klarineti inayomkumbuka Benny Goodman, yule mpiga klarineti wa jazi. Kusikiliza, raha. Kupiga, muulize wa kwanza.

Sasa nije nyumbani kidogo, kwa sababu mama mmoja aliniambia pale nje, hii yote ni ya wazungu. Ni swali zuri na silikimbii. Hapa Nairobi mtu wa kawaida anaijua bendi kutoka wapi? Siku ya Jamhuri, tarehe 12 Desemba, bendi ya jeshi, Polisi, Magereza, NYS ile ya huduma ya vijana kwa taifa, zinapita, jua kali, na shaba na ngoma zinatetemesha kifua. Ama kanisani kwa Jeshi la Wokovu, ambao wako Kenya tangu 1921, na hao wana shaba tu, klarineti hawana. Ama bendi ya shule ya Starehe. Kwa gwaride klarineti tuko, lakini hutusikii, tunatembea tukipuliza na ngoma inatumeza, ukweli usemwe. Ndo sababu nawaambia wazazi msiishie kwa gwaride, tafuteni bendi ikiwa imekaa, ndani ya ukumbi. Hata John Philip Sousa, mfalme wa nyimbo za gwaride, yule wa Stars and Stripes Forever ya 1896, akipiga ukumbini alikuwa anawanyamazisha kornet na pikolo mara ya kwanza kwa sehemu fulani, na klarineti zinashuka chini zinabeba wimbo peke yao, halafu marudio ndo kila mtu anaingia. Hiyo haikuwa kwa karatasi, ilikuwa mazoea ya bendi yake. Mwalimu, jaribu, itakubali.

Na Pwani watu hawakungoja ruhusa ya mtu. Mwisho wa karne ya kumi na tisa huko Mombasa na Lamu waliona bendi za gwaride za wakoloni wakatoa ngoma ya beni, na vikundi vya kushindana, Marini na Arinoti, na vita vya kwanza vya dunia vikaisambaza na askari hadi bara. Hiyo ni zaidi ya miaka mia. Kwa hivyo ukiniambia tarumbeta si yetu nitakuuliza inahitaji kukaa miaka mingapi.

Halafu angalia nilichowaambia kuhusu Grainger. Hakubuni zile melodi. Alienda kwa wazee. Alfred Reed wa Marekani, ambaye Armenian Dances yake ya 1972 naipenda karibu sawa na Posy, alichukua nyimbo zilizokusanywa na Komitas, padri wa Armenia aliyezunguka vijijini akiandika vile wakulima wanaimba, hadi mwaka wa 1915 alipokamatwa wakati Waarmenia walikuwa wanauawa, na akili yake haikurudi tena. Nyimbo zilibaki. Sehemu moja iko kwa 5/8, inaitwa Hoy Nazan Eem, nyepesi, ya kucheza, na ile ya mwisho ni mbio na klarineti zinakimbia hadi vidole vinawaka. Nyingine ni wimbo wa kware mdogo anayetembea, na hapo ndo penye utamu wa kusikiliza.

Sisi je? Wimbo wetu wa taifa, ule kila mtoto anauimba Jumatatu asubuhi gwarideni, melodi yake ni ya Wapokomo wa mto Tana, wimbo wa kumbembeleza mtoto alale, na mwaka wa 1963 kamati ya watu watano, akiwemo Graham Hyslop na George Senoga-Zake, ndo iliutengeneza ukawa vile tunavyoujua. Wimbo wa mama na mtoto, bendi ya Polisi inaupiga na uwanja mzima umesimama. Sasa mimi natamani mtu mmoja wenu hapa, na namaanisha mtu, si kamati, achukue sita za hivyo, mwomboko moja, isukuti moja, wimbo wa mavuno wa kwao, aende kwa nyanya yake na simu arekodi, simu mnazo, na asizisafishe. Aandike vile nyanya anavuta. Na klarineti ya tatu aiandikie mstari.

Kitu kingine ni chetu na watu hawajui. Ulishika hiyo klarineti, ile nyeusi ya mbao, si ya plastiki? Hiyo mbao ni mpingo. Ule ule wa vinyago vya Wamakonde. Unatoka Tanzania na Msumbiji, unakua pia kwa sehemu za Kenya, ni mzito hadi ukiutupa majini unazama, na mti mmoja unachukua miongo mingi kufika unene wa kukatwa, miaka sitini, sabini na zaidi. Kwa hivyo huo mti unatoka kwetu, unaenda Ufaransa, unatobolewa, unarudi hapa na bei ambayo mzazi akiisikia anakaa chini. Ridi nayo ni tete la kusini mwa Ufaransa. Na kwa vile mbao inaishi, Nairobi ya Julai asubuhi, baridi ile, usiichukue ukaipuliza kwa nguvu moja kwa moja, itapasuka, ipashe moto na mikono kwanza taratibu. Na ikiwa baridi itakuwa chini kwa tyuni, usimlaumu mwenzako wa fluti.

Nimebakisha moja ya kusikiliza. Irish Tune from County Derry, Grainger tena, toleo la bendi lilitoka 1918. Haina kitu cha kuonyesha watu. Melodi inaanza chini, kwa wale wa sauti nzito, na sauti zingine zinazunguka polepole, na ukiwa ya tatu unapiga noti ndefu, zingine ni za koo, na unagundua kwamba noti moja ya katikati ukiishusha kidogo tu kwa midomo, kodi nzima, yaani zile noti zote zinazolia pamoja, inafunguka. Hakuna mtu kwa hadhira atajua ni wewe. Kondakta atajua. Hii ni ile ya nadra, napenda kuipiga na napenda kuisikiliza sawasawa.

Haya, mwalimu ananionyesha saa. La mwisho ni la pesa, kwa sababu najua bendi nyingi hapa zinashindwa hapo. Sheria yetu ya Kenya inalinda kazi ya mtunzi hadi miaka 50 baada ya mwaka aliokufa. Holst alikufa 1934. Vaughan Williams 1958. Grainger 1961. Kwa hivyo hizo kazi zao za asili hapa mnaweza kuzitumia bila kulipa mtu, na karatasi za zamani za Holst mtazipata kwa tovuti ya IMSLP, mnaprinti tu, gharama ni ya wino. Lakini muwe macho na matoleo mapya yaliyohaririwa, mfano First Suite kuna toleo la 1984 lililohaririwa na Colin Matthews, hilo lina mwenyewe, msilipige kopi. Reed alikufa 2005 na Ticheli yuko hai, hao mnanunua, changeni.

Na mkiprinti, sehemu ya klarineti ya tatu toeni kopi za ziada, hizo ndo hupotea kila mara na hakuna anayejua zinaenda wapi. Mwalimu, vijana ni wako.